Bunduki Iliyomzidi Mkunga

Kabla ya kuwa muuza bunduki, Bwana Kipimo alikuwa seremala wa viti. Hata baada ya miaka mingi nyuma ya kaunta, bado aliutazama mwili wa mtu kwa jicho la seremala: mkono una urefu gani, shingo imekaaje, bega limeinuka au limeteremka. Mteja akiingia na kuanza kusifia bunduki yenye nakshi aliyoiona kwa rafiki yake, yeye alimwacha amalize kusema, kisha akamwambia, "Bunduki ni kiatu, ndugu yangu. Hununui kwa kuangalia mguu wa jirani." Ni wachache waliolikumbuka jina alilopewa na wazazi wake. Hilo la Kipimo lilimshika kwa sababu hakuna aliyetoka dukani mle bila kupimwa.

Duka lenyewe lilikuwa jembamba, limebanwa kati ya kinyozi na mtu wa kuziba pancha. Bunduki zilisimama ukutani zimefungwa kwa mnyororo mmoja mrefu, na nyuma kulikuwa na chumba chenye kabati la chuma, meza ya kazi, jiliwa ya kubania mbao, na harufu ya mafuta ya kusafishia ambayo ilikuwa imeingia hata kwenye majani ya chai. Mwenye duka alikuwa binti wa tajiri wa zamani, ambaye kwa umri Kipimo angeweza kabisa kumzaa. Yeye alimwita binti huyo bosi, naye bosi alimwita mzee, na mambo yakaenda.

Mke wa Kipimo alifariki mtoto wao pekee akiwa bado shule ya msingi. Mzee akabaki na binti yake, na kwa kuwa hakujua michezo ya watoto wa kike, alimfundisha alichokijua. Kila Jumapili walitoka pamoja kwenda mashambani kuwinda kwale. Mwanzoni binti alibeba ndege tu, baadaye akabeba bunduki. Zile Jumapili ndizo Kipimo alizoziita maisha. Kisha binti akakua, akasoma, akaolewa mbali, na Jumapili zikawa za kufua mashati na kusikiliza redio.

Siku moja uliingia mzigo mpya, na ndani yake kulikuwa na bunduki moja ya marisau, yaani risasi za punjepunje, ya namba ishirini, mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, nyepesi, na kitako kifupi chembamba. Wanaojua wanajua: namba ikiwa kubwa, tundu huwa dogo, na teke la bunduki huwa la kiungwana. Kipimo aliiweka begani mara moja tu, ikamkataa kwa ufupi wake, na hapo hapo akamwona binti yake akiishika. Hakuiiba. Hakuilipia. Wala hakumwambia bosi. Aliivisha mfuko wake wa kitambaa, akailaza chini kabisa ya kabati la chuma, nyuma ya fimbo za kusafishia mitutu. Aliiweka tu, kama mtu anavyomwekea mgeni kiti.

Mvua za mwaka ule zilipokwisha, wakaingia dukani Mwalimu mstaafu na mkewe. Mke huyo mji mzima ulimwita Mkunga. Alikuwa amekwisha kustaafu, kimo chake cha mtoto wa darasa la saba, lakini mikono yake ilikuwa imepokea nusu ya watu waliokuwa wakipita mtaani mle. Na alikuwa amempokea pia binti wa Kipimo, aliyekuja akitanguliza matako siku ambayo daktari hakuonekana. Mkunga alimgeuza, akamvuta, akampiga kofi, akamkabidhi baba yake huku akimwambia, "Huyu atakuwa mbishi. Amekataa hata kuja kwa adabu."

"Mwanangu, nataka bunduki," alisema Mkunga kabla hajaketi. "Kila Jumamosi huyu bwana ananipeleka uwanja wa shabaha, yeye anapiga visahani vya udongo, mimi nimekaa garini nalinda chupa ya chai. Nimechoka kuwa askari wa chai."

"Nilidhani unafurahia mandhari," Mwalimu akasema.

"Mandhari gani? Mgongo wako?"

Wakacheka wote watatu. Mkunga akasema alitaka bunduki moja ya kumfaa kotekote: visahani vya Jumamosi, na mara mojamoja kanga, kwa maana dada yake alikuwa na shamba ambalo kanga walilifanya lao. Kibali alikuwa nacho tayari mkobani.

Kipimo akampima. Alimkunjisha kiwiko, akamwekea kitako ndani ya kona ya mkono, akaangalia kidole kinafika wapi kwenye kifyatulio. Akamwambia anyooshee kidole saa ya ukutani macho yakiwa wazi, kisha afumbe moja, kujua jicho lipi ndilo bwana. Jicho la kulia, zuri. Shingo fupi. Mkono mfupi. Bega jembamba. Alipomaliza, Kipimo alijua kama anavyojua jina lake: bunduki ya mama huyu ilikuwa moja tu dukani, nayo ilikuwa imelala gizani nyuma ya fimbo za kusafishia.

Mwalimu alikuwa anasoma karatasi ya maelezo ya mafuta. Mkunga alimtazama Kipimo kwa macho ya mtu anayengoja kuambiwa ukweli.

Kipimo akanyoosha mkono ukutani, akashusha namba kumi na mbili.

"Hii mama. Nzito kidogo, lakini uzito ni rafiki. Bunduki ya ndege hubebwa sana na kupigwa kidogo, ya visahani hubebwa kidogo na kupigwa sana. Wewe zaidi utapiga visahani. Nzito inameza teke."

Kila neno lilikuwa la kweli. Angeweza kuapa mbele ya hakimu. Lakini Mkunga alipoinua ile bunduki, kitako kilimnasa kwapani, akalazimika kuisukuma mbele kwanza ndipo airudishe begani, na ilipokaa haikukaa begani bali pembeni, karibu na mkono.

"Inanizidi kidogo, au ni mimi?"

"Utaizoea, mama."

"Basi wewe ndiye fundi," Mkunga akasema. "Ukisema nitaizoea, nitaizoea."

Kipimo akamfundisha jinsi ya kusimama na kuinua, akamwandikia risiti. Usiku ule alijiambia kwamba angalau hakudanganya. Akajiambia pia kwamba binti yake angekuja mwezi wa likizo. Likizo ikaja, binti hakuja.

Mkunga akawa gumzo la uwanja wa shabaha. Alisimama kwenye mstari na wanaume waliomzidi vichwa viwili, akaita "Vuta!" kwa sauti ileile aliyokuwa akiwaambia wazazi "Sukuma!" Mtambo ulirusha kisahani, na kisahani kilikwenda zake salama, kikaanguka majanini. Alikosa sana. Hakulalamika hata kidogo. Kila aliyemuuliza alimwambia kwamba bunduki amechaguliwa na Bwana Kipimo mwenyewe, na watu wanne au watano wakaja dukani kwa sababu ya sifa hizo. "Mkunga katutuma," walisema. Bosi akafurahi. Kipimo akawapima wateja hao kwa uangalifu ambao hakuwahi kuwa nao, akawatafutia kila mmoja kilichomfaa, kana kwamba deni la mtu mmoja hulipwa kwa kumtendea wema mwingine.

Kisha Mkunga mwenyewe akaja, na shavu lake lilikuwa limevilia damu.

"Usinitazame hivyo, sijapigwa na mume," alisema. "Ni hili bunduki lako. Na begani kuko vilevile. Huna kitu cha kulainisha?"

Hapo palikuwa na mlango wazi kabisa. Kipimo angeweza kuibana ile bunduki kwenye jiliwa na kukata kipande cha kitako, kazi ya kabla ya chakula cha mchana kwa seremala. Lakini kukata kitako ni kusema kwamba kilikuwa kirefu, na kusema kwamba kilikuwa kirefu ni kusema kwamba siku ile hakupima, au alipima akanyamaza. Akachukua mpira laini, akaufunga nyuma ya kitako kwa skrubu mbili.

"Huu utakusaidia."

Mpira ulikuwa laini kweli. Ulikuwa pia na unene wa kidole, na unene huo ukaongezeka juu ya urefu uliokuwa umezidi tangu mwanzo. Mkunga alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru, akamuulizia mbishi wake anaendeleaje huko alikoolewa. Alipoondoka, Kipimo alikaa kwenye meza ya kazi akaitazama bisibisi kama kitu kilichomsengenya.

Habari ililetwa na Mwalimu, asubuhi moja, kofia mkononi. Walikuwa shambani kwa shemeji yake. Kanga waliruka ghafla kutoka kwenye mabua ya mahindi, kundi zima, kwa kelele zile za kanga. Mkunga akainua bunduki kwa haraka, mpira ukakwama kwenye kitambaa cha kwapa, bunduki ikalia kabla haijakaa. Teke likamkuta mguu mmoja uko ndani ya mfereji wa shamba. Akaenda chini kwa bega.

"Mfupa wa mtulinga umevunjika," alisema Mwalimu. "Daktari anasema kwa umri wake utaunga polepole. Haya, mfupa utaunga. Linalomuuma ni mkamwana."

Kipimo hakuelewa.

"Mke wa mwanetu yuko karibu kujifungua. Mjukuu wetu wa kwanza huyo. Mama alikuwa amepatana na wakunga pale hospitali, wote ni wanafunzi wake, kwamba huyu atampokea yeye. Wamwachie huyo tu, kisha hataingia tena chumba kile. Sasa mkono umefungwa shingoni."

Kipimo akasema pole. Neno lenyewe lilimtoka dogo.

Mtoto alizaliwa kabla mfupa haujaunga. Wakamwambia Kipimo baadaye kwamba Mkunga alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha kuzalia, mkono kwenye kitambaa, akiwafokea kupitia mlangoni jinsi ya kufanya, mpaka mwanafunzi wake mmoja akatoka akamwambia kwa upole, "Mama, tunajua. Wewe ndiye uliyetufundisha." Hapo akanyamaza, na sauti ya kwanza ya mjukuu wake akaisikia kutoka upande wa pili wa mlango.

Kipimo alikwenda kuwapongeza akiwa amekwisha kupanga maneno yote. Aliyapanga njia nzima. Alimkuta Mkunga kwenye kiti cha sebuleni, mjukuu amelazwa mapajani kwa sababu mkono haukuruhusiwa kubeba, Mwalimu akimkinga mtoto upande mmoja kwa mto.

"Karibu, mwanangu. Njoo umwone huyu aliyekataa kunisubiri."

"Mama," alisema Kipimo, "nimekuja kukuomba..."

"Usinianze na pole zako. Najua unachotaka kusema." Mkunga akatikisa kichwa. "Kosa langu. Ulinifundisha kusimama, ulinifundisha kuinua, ukaniwekea na mpira. Mimi nikaona kanga nikasahau yote. Uzee na tamaa havikai chungu kimoja."

"Majuto ni mjukuu," Mwalimu akachombeza, akimgusa mtoto kidole cha mguu, "na mjukuu mwenyewe ndiye huyu."

Walicheka wenyeji wa nyumba. Kipimo alifungua mdomo, na kilichoingia kilikuwa chai. Alikunywa kikombe kizima, akasifu nywele za mtoto, akaaga. Barabarani alitembea upesi kama mtu aliyeiba kuku akamficha ndani ya koti. Lilikuwa jambo moja kumnyima mama yule bunduki. Sasa alikuwa amemwachia na lawama aibebe, kwa bega lililovunjika.

Jioni akampigia simu binti yake. Hakutaka kumweleza yote. Alitaka tu kusikia kwamba kulikuwa na sababu.

"Nimekuwekea kitu," alimwambia. "Bunduki. Namba ishirini, nyepesi. Ukija, tutatoka Jumapili kama zamani."

Upande wa pili ikasikika sauti ya vyombo vikiwekwa chini.

"Baba, naomba usikasirike."

"Siwezi kukasirika."

"Mimi sikuwahi kupenda kuua ndege. Nilikuwa nafumba macho, ndiyo maana nilikuwa nakosa. Nilikuja kwa sababu yako. Baada ya mama, Jumapili ulikuwa unakaa tu ukiutazama ukuta. Nikaona bora mashambani."

Kipimo akamshukuru. Akamuuliza habari za mumewe. Simu ilipokatika aliendelea kuishika sikioni.

Kesho yake aliamua kwamba ataitoa ile bunduki na kumpelekea Mkunga nyumbani. Lakini kesho hiyo kulikuwa na wateja, na iliyofuata alijiambia mfupa uunge kwanza, haina maana kumwonyesha mtu mwenye mkono mmoja bunduki. Mtu akitaka sababu hazikosi. Wiki zikapita hivyo, na kila alipofungua kabati la chuma aliangalia rafu za juu tu.

Mfupa ukaunga. Mkunga akaja dukani peke yake, ile namba kumi na mbili ikiwa ndani ya mfuko wake, kuirudisha iuzwe kwa mwingine. Kipimo alikuwa ametoka kwenda kununua msasa wa mbao. Bosi akampokea yeye, akamkalisha, akasikiliza kisa chote, akaguna.

"Lakini mama, wewe na namba kumi na mbili wapi na wapi? Ngoja. Juzi nikitafuta mafuta niliona kitu huku nyuma." Akaingia chumba cha ndani, akapekua, akarudi na mfuko wa kitambaa. "Hii hapa. Nami nashangaa inafanya nini kule chini. Iko hapa tangu ule mzigo wa kabla ya mvua za mwaka jana."

Kipimo aliporudi na msasa kwapani, aliwakuta hivyo: bosi ameegemea kaunta, na Mkunga katikati ya duka, bunduki nyepesi begani, shavu limelala juu ya kitako kama limechongewa pale. Aliishusha. Akaiinua tena. Haikukwama popote. Kisha akamwona mlangoni.

"Hii ilikuwepo siku ile?"

Bosi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akapata kazi ya kufanya chumba cha ndani.

"Ilikuwepo, mama."

"Ulijua kwamba ndiyo yangu?"

"Nilijua nilipokupima."

"Na ule mpira?"

"Nilijua pia."

Mkunga akaiweka bunduki juu ya kaunta taratibu, mdomo umeelekezwa ukutani, kama alivyofundishwa. Akauliza ilikuwa ya nani. Kipimo akamweleza. Hakujitetea, akamweleza mpaka ile simu.

"Yule mbishi," alisema Mkunga. "Mtoto niliyemtoa mimi." Alikaa kitini. "Ungeniambia, mwanangu. Ungesema, 'Mama, ipo lakini nimemwekea mwanangu.' Ningekwenda duka lingine. Mimi ni mzazi, ningekuelewa kabla hujamaliza. Sasa umeniacha miezi mitatu nasema mimi ni mzee mzembe. Nimemwambia mume wangu, nimemwambia mkamwana, nimewaambia wale wasichana wa hospitali. Na ulikuja kwangu. Ulikunywa chai yangu."

"Nilikuja kukwambia."

"Ukanywa chai."

"Nikanywa chai."

Alisimama, akatoka, bunduki zote mbili akaziacha palepale. Mwenye kuziba pancha alimsalimia, hakuitikia, jambo ambalo mtaani mle halikuwahi kutokea.

Bosi hakumfukuza Kipimo. Alimwambia maneno machache, makali, kisha akamwambia arudi kazini. Pengine kufukuzwa kungekuwa kwepesi zaidi. Alibaki pale akipima watu, na kila aliyemwambia "wewe ndiye fundi" alimfanya ainamishe kichwa. Siku moja alikwenda mpaka hospitali, akamtafuta yule mwanafunzi wa Mkunga, akamweleza mlangoni kwamba mama hakuwa mzembe, kwamba bunduki ilikuwa mbaya na aliyeichagua ni yeye. Msichana alimsikiliza huku akivua glavu. "Sasa unaniambia mimi nimfanyie nini?" akamuuliza. Hata hivyo akaenda na kwa mkamwana, akasema vilevile, akafungiwa mlango kwa heshima.

Mwalimu ndiye aliyekuja kumwita. Hakuingia ndani, alisimama kizingitini, na safari hii kofia ilibaki kichwani.

"Jumamosi, uwanja wa shabaha. Leta ile nyepesi. Anailipia kama mteja yeyote, usijaribu kumpunguzia wala kumpa zawadi."

"Amenisamehe?"

"Mimi nimetumwa habari za bunduki," alisema Mwalimu.

Jumamosi hiyo upepo ulikuwa mdogo na anga jeupe. Mkunga alifika na mumewe, mwanawe, mkamwana na mtoto, ambao walibaki garini mbali na kelele. Alijibu salamu ya Kipimo kwa kichwa. Akaipokea bunduki, akaifungua mitutu kuhakikisha haina kitu, akaingia kwenye mstari.

"Haya, fundisha," alisema bila kumtazama. "Ulilipwa kazi hukuimaliza."

Kipimo akasimama nyuma yake hatua moja. Akamwambia mguu wa kushoto mbele kidogo, uzito juu yake, shavu lilale kwenye kitako lisibanwe, macho yote wazi, asikiangalie kitone cha kulengea kwenye ncha ya mtutu bali kisahani chenyewe. Alisema yote kwa sauti ya chini, na alipotaka kumrekebisha kiwiko aliuliza kwanza kama anaruhusiwa kukigusa.

"Gusa. Sijawa mayai." Kisha akaita:

"Vuta!"

Kisahani cha kwanza kilipita. Cha pili kilipita. Cha tatu bunduki ilipanda yenyewe, ikakaa, ikalia, na kule juu kisahani kikawa vumbi la rangi ya tofali. Mwanawe akapiga makelele. Mwalimu akavua kofia. Mkunga akageuka kuwatazama hao, akicheka na meno yote, na macho yake yakampita Kipimo kama yanavyopita nguzo.

Akapiga tena, akakosa, akapiga, akavunja. Alipochoka akaiacha bunduki imefunguka mkononi, akamwambia Kipimo, "Inakaa."

"Inakaa, mama."

"Siku nikiweza kukwambia lile jingine, nitakwambia. Leo siwezi."

"Sawa, mama."

Akaenda garini kwa mjukuu. Wenyeji wa uwanja walikuwa wanajiandaa kwa zamu nyingine, na kulikuwa na maganda ya risasi yametapakaa kwenye majani pale aliposimama, bado yana joto. Kipimo akainama, akaanza kuyaokota moja moja na kuyatia mfukoni.